Fasi Mbili Mbele ya Mstari

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Wanaokuja kwenye kibanda changu pale Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuchaji simu au kuchapisha barua, wananijua: swali moja ukiniuliza mara tatu, mara ya nne jijibu mwenyewe. Lakini kuna siku maisha yalinifunga mdomo, nikabaki natazama tu, na mpaka leo nikikumbuka ngozi inanisisimka. Ilianzia kwenye kazi ambayo ukimsimulia mtu anapiga miayo: niliongeza vigeuzi viwili kwenye programu ya kutengeneza tovuti. Na wewe usipige miayo bado.

Tulikuwa na tovuti ndogo ya matangazo ya watu waliopotezana na ndugu zao njiani. Nikisema tulikuwa, ni mimi na katekista mmoja Mrundi, mtu mpole mpaka anakera, ambaye alizunguka Kabazana, humo humo kambini, na daftari lake akiwauliza watu: unamtafuta nani, ulimwona wapi mara ya mwisho, alivaa nini. Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini, na upande wangu ulikuwa kompyuta. Yeye anaandika, mimi ninapandisha mtandaoni.

Programu niliyotumia iliandikwa na mtu wa mbali nisiyemjua sura, akaiachia dunia bure. Unaipa mafaili ya maandishi matupu na kiolezo kimoja, yaani ukurasa wenye matundu, nayo inajaza matundu hayo na kukutolea kurasa zote kwa mkupuo, zimekamilika. Hakuna kinachopikwa mgeni akishafika mlangoni. Kwa hiyo kurasa zinakuwa nyepesi, hata simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inazifungua, na kwa network yetu ya Nakivale hiyo ni neema.

Kero ilikuwa kiolezo chenyewe. Programu ilitaka kila kitu kifunguliwe na kufungwa kwa mabano ya pembe, na ukisahau kufunga bano moja tu, ukurasa mzima unaanguka upande. Nilikuwa nayatukana mabano hayo kwa Kifuliru, lugha ya kwetu, ili wateja wasielewe. Na nilijua kuna namna nyingine ya kuandika, ya mkato, isiyo na mabano. Unaandika jina la kitu, halafu kinachokaa ndani yake unakiandika mstari wa chini, umekisogeza kulia kwa nafasi mbili. Zile nafasi mbili tupu ndizo zinazosema nani yuko ndani ya nani. Kwenye kazi hii kitu cha nje huitwa mzazi na cha ndani huitwa mtoto. Upande wa mitindo pia, yaani rangi na ukubwa wa herufi, kuna mkato wake: unaipa rangi jina mara moja, kisha unaiita kwa jina popote unapoitaka. Tatizo, programu yangu haikujua mkato wowote kati ya hiyo miwili.

Basi siku moja nikiwa mjini Mbarara, kwenye chumba cha mafunzo kilichoko juu ya duka la viatu, ambako walinizoea na kuniachia intaneti yao, nikaamua kuifungua tumbo ile programu nione ndani kuna nini. Nilitegemea kukuta msitu. Nikakuta mlango uko wazi. Aliyeiandika alikuwa ameacha mahali kwa mtu yeyote kuongeza kigeuzi chake mwenyewe, yaani kipande cha programu kinachogeuza faili la aina moja kuwa la aina nyingine, na kigeuzi hicho alikitaka kijibu maswali matatu tu. Faili lenye mkia gani, yaani herufi za mwisho wa jina lake, ni lako? Likitoka mikononi mwako litakuwa na mkia gani? Na hapo katikati, utalifanya nini?

Niliyatazama maswali hayo kwa muda mrefu. Mtu huyu hajawahi kusikia Nakivale. Hajui kama niko hai. Na bado, siku anaandika, aliwaza kwamba kuna mtu atakuja nyuma yake na mahitaji asiyoyajua yeye, akamwekea kiti. Nikajikuta nafuta macho. Mimi, ambaye hata msibani hulia kwa kuchelewa.

Kazi ilinichukua wiki kadhaa. Kigeuzi cha kwanza kilikuwa cha violezo: kinasoma mkato wangu, kinahesabu nafasi za mwanzo wa kila mstari, kinajua nani mzazi nani mtoto, na kinaandika mabano yote chenyewe. Cha pili kilikuwa cha mitindo. Siku kilipokubali, niliandika jina la rangi moja, nikalipa kijani cha majani ya maharage, nikabonyeza, na kila ukurasa wa kila tangazo ukageuka kijani kwa pamoja. Neno moja tu! Nilipiga kelele "Yesu wangu!" mpaka mwalimu wa chumba kile akaja mbio akidhani umeme umenipiga.

Na hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nilifanya mambo mawili ya majivuno, nami nayasema kama yalivyo.

La kwanza, makosa. Programu ikikwama hutoa ujumbe wa kukuambia kosa liko wapi, na ujumbe huo siku zote ni Kiingereza. Nikasema hapana, vigeuzi vyangu vitasema Kiswahili. Kwa hiyo kigeuzi kikikuta mstari ambao haukai ndani ya kitu chochote, yaani kitu cha ndani kisicho na cha nje, kiliandika hivi: *Mtoto hana mzazi. Ameondolewa.* Halafu kiliunakili mstari wenyewe, nione ni upi. Na ili nisihangaike kutafuta, nilikiagiza kiandike hayo juu kabisa ya ukurasa wenyewe. Wakati wa majaribio yalikuwa yananichekesha.

La pili, nilimwambia katekista aache daftari. Nikamwambia aandike matangazo moja kwa moja kwenye simu, kwa mkato wangu, anitumie faili liko tayari. "Ni rahisi, katekista," nikamwambia. "Kichwa cha tangazo kwanza. Maelezo ya mtu unayaweka mustari wa chini. Lakini usisahau, mbele ya ule mustari unaweka fasi mbili. Fasi mbili, unasikia? Bila ile haiendi."

"Fasi mbili," akarudia, na akaandika kwenye daftari ambalo nilikuwa nimetoka kumkataza.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipomleta yule mama.

Alikuwa Mrundi, mwanamke mwembamba wa kama miaka arobaini, mlimaji, mwenye sauti ya chini ambayo ilinilazimu nizime redio. Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za watu wengi. Hizi zake nilizisikia nimesimama.

Alikimbia Burundi na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mume alikuwa ameshakufa. Walipofika Mbarara kwa basi alikuwa na homa kali. Akashuka hatua chache, akaanguka. Watu wakamkimbiza hospitali. Mtoto alibaki mikononi mwa mwanamke waliyekuwa wamekaa naye kiti kimoja tangu mpakani, mwenzao wa safari tu, hata jina lake hakulishika vizuri. Siku alipopata fahamu, mtoto hayuko, na yule mwanamke hayuko. Aliuliza Mbarara nzima. Miaka ilikuwa imefika kumi, na alikuwa bado anauliza.

"Shemeji zangu wamechoka," akasema. Hao ni ndugu za marehemu mume wake, wanaokaa naye Kabazana. "Wanasema tuondoe matanga. Jina la mtoto lisomwe kwenye misa na majina ya marehemu, nilie mara moja, nimalize, nianze kuishi. Nimekataa miaka yote. Mtu hasomewi misa ya wafu kama sijaona kaburi. Sasa wamepanga Jumapili ya tatu kutoka leo. Nimewaambia sawa. Dada, weka tangazo hili kwenye mashine yako. Kama Jumapili ile itafika hakuna aliyejibu, nitawapa jina walisome."

Nikamuuliza kama ana picha. Hakuwa nayo. Alikuwa na kovu la uji wa moto kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, na sweta ya kijani ya kiume iliyomzidi mtoto. Basi. Nikamwahidi tangazo litakuwa zuri kuliko yote. Katekista akaenda kuliandika.

Akanitumia faili. Nilikuwa Mbarara siku hiyo, nina haraka, nikaliweka na mengine, nikabonyeza, nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikaona kijani changu kimetulia, nikapandisha. Sikufungua tangazo lenyewe. Hilo nimelibeba mimi.

Siku nne baadaye, asubuhi, yule mama akaingia kibandani. Kulikuwa na wateja watatu. Hakuwasalimia. Aliweka simu ya jirani yake mezani mbele yangu, akaiacha hapo, akasema polepole:

"Ni wewe umemuondoa?"

Nikaangalia. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe, kwa rangi niliyoichagua mwenyewe, paliandikwa: *Mtoto hana mzazi. Ameondolewa. Mbarara Kabazana msichana miaka mitatu kovu la moto kiwiko cha kulia sweta ya kijani.*

Wateja walisoma juu ya bega langu, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga.

"Mama, si mimi," nikasema, na hapo hapo nikaona ni uongo. "Ni mimi. Lakini si mutoto wako. Ni mashine. Mashine inaita ile mistari batoto..." Jaribu wewe kumweleza hivyo mtu aliyesimama vile.

Nilifungua faili la katekista nione zile nafasi mbili zimepotelea wapi. Mstari ulianzia ukingoni kabisa, bila nafasi hata moja, na maneno yake ya kwanza yalikuwa *Mbarara* na *Kabazana*. Nikampigia simu nikiwa nimeshaanza kupandisha sauti. Akaja, kofia mkononi.

"Katekista, fasi mbili ziko wapi?"

"Si hizo hapo, dada?" Akanionyesha kwa kidole. "Uliniambia niweke fasi mbili mbele ya mstari. Nikaweka. Ya kwanza Mbarara, fasi mtoto alipopotelea. Ya pili Kabazana, fasi mama yake alipo."

Nikamtazama. Kwetu Kivu fasi ni mahali, na ukimwambia mtu aache fasi, anaacha mahali patupu. Kwake yeye fasi ilikuwa mahali penye jina. Alikuwa amenitii neno kwa neno. Kicheko kilinipanda mpaka kooni, nikamwona yule mama, kikafa.

"Toeni," akasema yule mama. "Toeni hilo tangazo. Niliomba mara moja, na mashine imenijibu. Nitaenda niwaambie shemeji zangu walisome jina."

Akachukua simu ya jirani yake, akaondoka. Katekista alikaa kwenye benchi la wateja, ameshika kichwa. Mimi nilisahihisha mstari ule: nafasi, nafasi. Ilikuwa sekunde moja ya kazi. Network ya Base Camp siku hiyo haikubeba hata salamu, kwa hiyo kesho yake nikapanda gari kwenda Mbarara kuupandisha ukurasa upya na kuufuta ule wa aibu.

Nilishuka njiani, Kabingo, kubadilisha gari. Pale network huwa inarudi. Simu ikaanza kulia mfululizo ndani ya mkoba mpaka muuza ndizi, ambaye kwao mama huitwa nyabo, akaniambia, "Nyabo, simu yako naumwa."

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye tovuti ilikuwa yangu, na ilikuwa inaoga matusi. Kumbe mtu akituma kiungo cha ukurasa kwenye kundi la simu, maneno ya juu ya ukurasa hutokea yenyewe chini yake. Matangazo yetu mazuri yote ya miaka miwili hakuna aliyeyasambaza nje ya kambi. Hili, lililosema mtoto hana mzazi ameondolewa, na likaanza na jina la Mbarara, watu wa Mbarara walikuwa wamelirusha kutoka kundi la kanisa hadi kundi la soko, wakiwa wamekasirika. Ni nani hao wanaoondoa watoto? Hamna haya? Mmoja aliniombea laana kwa mistari mitano. Nilikuwa nafuta, nafuta, macho yanawasha, mpaka nikafika kwenye ujumbe wa sauti. Nikaugusa.

Sauti ya mwanamke, nzito, Kiswahili cha barabarani cha watu wa Ankole, wenyeji wa Mbarara:

"Haloo. Nyinyi watu ya Nakivale. Nani alisema huyu mtoto hapana mzazi? Nani? Mimi iko hapa Biharwe. Mzazi ni mimi! Kovu iko, mkono ya kulia. Sweta ya kijani iko ndani ya sanduku yangu mpaka leo. Mimi nalisha yeye, mimi napeleka yeye skulu, sasa nyinyi nasema ameondolewa? Mumuondoe wapi? Kuja hapa, useme hiyo maneno mbele ya macho yangu!"

Nilikaa chini. Pale pale, pembeni ya barabara ya Kabingo, juu ya gunia la mtu. Muuza ndizi aliniuliza kama nimefiwa. Nilitikisa kichwa, nikausikiliza tena. Biharwe! Ni pale pale Mbarara, kwenye barabara ya Masaka. Nimepita pale mara ngapi nikitazama ng'ombe dirishani? Miaka kumi dada wa watu anaulizia mtoto mpaka Rwanda na Kenya, na mtoto yuko umbali wa safari ya asubuhi. Na aliyepiga mbiu si mimi na kijani changu. Ni kosa. Neno moja la Kivu likamkuta Mrundi mtiifu, mashine ikasema ilichofundishwa, na mwanamke wa Biharwe akaona ametukanwa. Mimi ninayependa kujua kila kitu kimetoka wapi na kimeendaje, niliiona njia yote, hatua kwa hatua, na bado sikuielewa. Eee Mungu, nilisema.

Sikwenda tena Mbarara. Nilirudi na gari la kwanza, nikaenda moja kwa moja Kabazana. Yule mama alikuwa shambani. Nikampa simu bila maelezo, maana nilijua nikifungua mdomo nitaharibu. Akaisikiliza mara tatu, jembe bado mkononi.

Nilidhani atapiga yowe. Akaniambia, "Kovu na sweta viliandikwa pale. Kila mtu ameviona. Muulize sweta ilichanika ikashonwa wapi, na kwa uzi gani."

Tulitafuta network mpaka juu ya kilima. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikauliza. Upande wa pili kikasikika kifuniko cha sanduku.

"Kwa shingo," akasema yule mwanamke, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Uzi nyekundu."

Yule mama akaliweka jembe chini taratibu, akajifunika uso kwa kitenge. Katekista ndiye aliyekwenda kwa shemeji za yule mama kuwaambia misa isimame. Nasikia aliingia mbio hadi kofia ikamdondoka, yeye ambaye hajawahi kukimbia.

Tulikwenda Biharwe siku ya pili yake, mimi na yule mama tu. Njiani, tulipoipita Mbarara, akaniambia: "Mwanamke huyo nitamuuliza kitu kimoja. Kwa nini hakumtafutia mtoto mama yake? Nitamuuliza mbele ya watu." Alikuwa ameyapanga maneno yake. Nami, kusema kweli, nilikuwa nataka kumsikia akiyasema.

Nyumba ilikuwa karibu na barabara kuu, malori yanapita, mbele kuna meza ya kuuzia maziwa. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, amevaa nguo ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Ujasiri wote wa ule ujumbe wa sauti ulikuwa umemtoka. Alitukaribisha ndani, akamimina maziwa. Sweta ilikuwa kwenye kiti, imekunjwa.

Hakungoja kuulizwa. Alisema lori liliharibika pale barabarani, akashuka mwanamke na mtoto, wakalala kwake siku mbili. Asubuhi ya tatu yule mwanamke akasema anarudi hospitali Mbarara kumwangalia mama wa mtoto, na hakurudi tena. "Mimi nilienda kwa mwenyekiti ya kijiji. Yeye alisema ngoja, mama atakuja. Nilingoja mwezi moja, mbili." Akamtazama yule mama moja kwa moja. "Halafu niliacha kuuliza. Nyabo, nasema ukweli. Mimi sikuzaa. Nilianza kuogopa kama mtu atakuja. Ukitaka kunipiga, piga."

Nikamgeukia yule mama. Sasa, nilisema moyoni, mwambie. Alikuwa ameishika ile sweta, kidole chake kinapita juu ya uzi mwekundu, kwenda na kurudi.

"Alikuwa anakula?" akauliza.

"Kula? Huyo?" Mwanamke wa Biharwe akacheka na kulia kwa pamoja. "Yeye nakula kushinda fundi ya nyumba!"

Yule mama akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Swali alilolipanga hakuliuliza, si siku hiyo, na kwa ninavyojua si siku nyingine yoyote. Nilimtazama nikaona aibu kwa hasira zangu zote ndogo ndogo za kibandani.

Ndipo tulipomwona kupitia mlangoni. Msichana mrefu, sare ya shule, dumu la maji mkononi, anakatiza uwanja kuelekea jikoni bila kututazama. Mkono wa kulia ulikuwa wazi. Kovu lilionekana kutoka pale tulipokaa.

Yule mama alisimama, akatoka mpaka kizingitini. Akamwita. Lilikuwa jina la Kirundi, refu, lenye Mungu ndani yake, kama wanavyowapa watoto wao. Siliandiki hapa. Kwa miaka kumi alikuwa amekataa lisomwe na majina ya wafu, na alilitamka kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Msichana aliendelea kutembea. Hakusikia kitu kinachomhusu.

Akamwita tena. Msichana akafika jikoni, akaliweka dumu chini, akaanza kufunga kamba ya kiatu.

Mwanamke wa Biharwe alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mdomoni. Yule mama akamgeukia na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi mnamwitaje?" Akaambiwa. Lilikuwa jina la Kinyankole, hakuwahi kulisikia maishani, ulimi ulijikwaa. Akalijaribu kimoyomoyo, midomo ikicheza, mara moja, mara mbili. Halafu akageukia uwanjani, akamwita binti yake kwa jina lile la watu wengine.

Msichana akainua kichwa. "Naam, mama?" akasema, akaja.